Gofu: Kwa nini mikwaju haipungui licha ya fimbo ghali

KILA Jumamosi asubuhi, katika viwanja vya gofu kuanzia Nyali hadi Kitale, hutokea kisa kimoja kisichohitaji mtabiri. Mchezaji wa ridhaa hufika na fimbo mpya aliyoinunua kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Huivua kifuniko kwa taadhima, huchomeka kijiti ardhini, huuweka mpira juu yake, kisha hupiga kwa nguvu zake zote. Mpira huanza safari vyema, halafu hupinda kulia na kutokomea vichakani kana kwamba umesikia jina lake likiitwa huko.

Anachokifanya baada ya hapo ndicho huamua siku yake itakuwaje, wala si ule mkwaju wenyewe.

Wachezaji wengi hapa nchini huanza gofu ukubwani, baada ya kupata kazi ya kutulia au biashara kushika mizizi. Wengi wao hubaki na handikapu ile ile miaka nenda miaka rudi. Handikapu ni ile idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa ili aweze kushindana kwa haki na aliyemzidi ujuzi. Baadhi huchoka, wakauza vifaa vyao kwa hasara na kurejea kutazama kandanda kwenye runinga.

Si kwamba hawana kipaji. Aghalabu mikwaju yao hupotelea mahali pasipohitaji kipaji chochote: katika kuchagua fimbo, katika kulenga, na katika kukataa kukubali kwamba mkwaju uliopita umekwisha kuharibika.

Kwa miaka mingi wanagofu wamekuwa wakiambiana kwamba mchezo huu huamuliwa kwenye grini, lile eneo la nyasi laini lenye shimo na bendera. Usemi huo una ukweli kiasi tu. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kilichoko New York, alichambua mikwaju mingi ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, na katika kitabu chake cha mwaka 2014, Every Shot Counts, akaonyesha kwamba takriban thuluthi mbili za tofauti kati ya mchezaji hodari na dhaifu hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka zaidi ya mita 90 hivi.

Mwenye draiva mpya akisikia hayo hufurahi na kudhani ameruhusiwa kuongeza nguvu. La hasha. Mikwaju ya mbali humgharimu mchezaji wa kawaida kwa sababu humpeleka mahali asipoweza kucheza tena: mtoni, nje ya mipaka ya uwanja, au nyuma ya mti. Mpira uliokwenda mita 180 na kutua kwenye njia ya nyasi fupi una thamani kuliko uliokwenda mita 230 ukaishia kwenye shamba la kahawa la jirani.

Ugonjwa wa kulia

Mpira kupinda kulia ndio ugonjwa mkuu wa wachezaji wa ridhaa. (Maelezo haya ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto hana budi kuyageuza, kama alivyozoea kugeuza mengine yote duniani.)

Kiini chake ni hiki. Mpira huanza safari kwa sehemu kubwa kuelekea pale uso wa fimbo unapotazama wakati wa kugusana. Baada ya hapo hupinda kulingana na tofauti iliyopo kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Uso ukitazama kulia kwa ile njia, mpira hujizungusha na kwenda kulia. Tofauti ikiwa kubwa, mpindo nao huwa mkubwa.

Sasa, mchezaji akishaona mipira mitatu imekwenda kulia, hufanya jambo linaloonekana kuwa la busara: hugeuza miguu na mabega yake kuelekea kushoto. Kumbe hapo ndipo anapouchochea ugonjwa. Njia ya fimbo huzidi kwenda kushoto ilhali uso wake haujabadilika, na tofauti kati ya viwili hivyo huongezeka. Mpira hupinda maradufu. Naye hugeuka kushoto zaidi, hata anayemtazama kwa mbali akadhani anacheza shimo lingine.

Tiba ya kwanza imo mikononi. Akiishika fimbo na kuutazama mkono wake wa kushoto, mchezaji anapaswa kuona vifundo viwili au vitatu vya vidole. Akiona kimoja tu, au asione hata kimoja, uso wa fimbo utakuwa vigumu kufunga wakati wa kugusana na mpira. Marekebisho haya huchukua sekunde tano na hayalipiwi, na labda ndiyo maana hayathaminiwi.

Pili ni nguvu ya kushika. Wengi huikaba fimbo kama mtu anayepasua kuni, misuli ikatutumka hadi shingoni. Misuli iliyokazika haiwezi kwenda kasi. Fimbo ishikwe kiasi cha kutoponyoka, basi.

Kuhusu kulenga, njia rahisi ni kulaza fimbo chini mbele ya vidole vya miguu wakati wa mazoezi, kisha kurudi nyuma na kuangalia inaelekea wapi. Wengi hushtuka. Waliodhani wanalenga bendera huwa wanalenga jengo la klabu, jambo linaloeleza kwa nini mwishowe hufika huko mapema.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa bure katika kila uwanja: "Umeinua kichwa." Hutolewa na mwenye handikapu 28 kwa mwenye handikapu 30, kwa sauti ya daktari bingwa. Kwa hakika, mpira uliopigwa utosini ukabingirika mita ishirini mara nyingi haukusababishwa na kichwa. Mchezaji huwa amebakisha uzito wake kwenye mguu wa nyuma akijaribu kuuinua mpira hewani, au kiwiliwili chote kimenyanyuka. Kazi ya kuuinua mpira ni ya fimbo, ambayo uso wake umetengenezwa kwa mwinamo kwa sababu hiyo hiyo. Anayeganda kichwa kwa kutii ushauri huo hushindwa hata kuhamisha uzito kwenda mbele, na tatizo huzidi.

Hewa ya Nairobi na hewa ya Mombasa

Jambo ambalo wanagofu wa Kenya wangepaswa kulielewa kuliko wenzao wengi duniani ni athari ya mwinuko wa ardhi, kwani nchi hii ina viwanja vilivyo ufuoni mwa bahari na vingine vilivyo juu ya mita 2,000, kama kile cha Limuru.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hivyo haiuzuii mpira sana. Mpira husafiri mbali zaidi kwa karibu asilimia 10 ukilinganishwa na Mombasa. Mchezaji ambaye fimbo yake ya chuma namba saba humpa mita 140 katika viwanja vya Karen au Muthaiga, akifika Nyali itampa mita 127 hivi. Hajazeeka njiani. Wala si chakula cha pwani.

Wanaosafiri likizoni Desemba hulisahau jambo hili na kutumia siku tatu wakitafuta kasoro katika mtindo wao wa kupiga. Hadi wanapoipata kasoro isiyokuwepo na kuirekebisha, likizo imekwisha, nao hurudi Nairobi na mtindo mpya usiofaa popote.

Lingine ni kwamba hewa nzito ya pwani huupinda mpira zaidi. Mkwaju unaopinda kidogo kulia kule bara na kubaki ndani ya uwanja unaweza, huko Nyali, kuvuka mpaka. Juu ya hayo kuna upepo. Kaskazi huvuma kati ya Novemba na Machi hivi, na kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na mchezaji mgeni hufaidika akimuuliza mwenyeji upepo wa msimu huo unakatiza mashimo gani.

Kinyume na hisia, dawa ya upepo wa mbele si kupiga kwa nguvu. Anayepiga kwa nguvu huuongezea mpira mzunguko wa kurudi nyuma, ukapanda juu kama kishada na kuanguka karibu. Achukue fimbo ndefu zaidi kwa namba moja au mbili, kwa mfano chuma namba tano badala ya namba saba, apunguze kasi na kufupisha mwisho wa mzungusho wake. Mpira utakwenda chini chini na kufika.

Hata pasipo upepo, mchezaji wa ridhaa mara nyingi huchukua fimbo fupi kuliko inavyohitajika. Akiulizwa chuma namba saba humpeleka mita ngapi, hutaja ule mkwaju mmoja wa mwaka juzi, ulioteremka mlimani, ukagonga jiwe na kuendelea. Hesabu ya haki ni ile ya mikwaju ya kawaida, ukiwemo ule uliogusa mpira vibaya kidogo. Walioviunda viwanja waliijua tabia hii ya kujipa sifa, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mashimo ya mchanga na madimbwi huwekwa mbele ya grini badala ya nyuma yake. Mwenye kuchagua fimbo moja zaidi na kulenga katikati ya grini, bila kuijali bendera ilipo, atakuwa ameokoa mikwaju kadhaa kabla ya kujifunza lolote jipya.

Nyasi zetu wenyewe

Nyasi zinazojulikana ulimwenguni kote kwa jina la kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zilisambazwa hadi Afrika Kusini, Australia na Marekani, na uwanja maarufu wa Riviera ulioko Los Angeles hutambulikana kwazo. Wachezaji wa kulipwa wanaofika Riviera huzilalamikia nyasi hizo kila mwaka. Mwanagofu wa Nairobi au Limuru huishi nazo, lakini ni wachache waliokaa wakazichunguza.

Zikiwa zimekatwa fupi, nyasi hizi ngumu huubeba mpira juu kana kwamba umewekwa kwenye kijiti. Hapo zina huruma. Zikiachwa zirefuke, mambo hugeuka. Mashina yake yanayotambaa huishika fimbo shingoni, huugeuza uso wake kushoto, na kuimaliza kasi yake yote. Mchezaji aliyekusudia kupiga mita 150 hujikuta ameung'oa mche na mpira umesogea hatua mbili.

Ndani ya nyasi ndefu za aina hii, fimbo ndefu za mbao na za chuma zenye namba ndogo hazina kazi. Achukue fimbo yenye mwinamo mkubwa, namba tisa au weji, aisimamishe miguu ili mpira uwe nyuma kidogo ya katikati, aishike fimbo kwa nguvu zaidi ya kawaida na kuishusha kwa wima. Lengo ni kurudi kwenye nyasi fupi, basi. Vile vile, karibu na grini, mpira wa kubingirisha unaoweza kufaa kwenye viwanja vikavu hufa papo hapo ukigusa nyasi hizi. Ni heri kuurusha utue juu ya grini yenyewe.

Hesabu ya aibu

Turudi kwa yule mchezaji aliyeachwa vichakani. Ameuona mpira wake chini ya mgunga. Mbele yake kuna matawi, na kati ya matawi kuna upenyo wa ukubwa wa dirisha la choo. Kwa mbali, bendera inapepea.

Mwenye kujua hutazama pembeni, akaona njia ya nyasi fupi iko hatua kumi na tano, akausukuma mpira huko. Amepoteza mkwaju mmoja. Mwenye fahari hutazama upenyo. Hukumbuka alivyomwona Tiger Woods akifanya vivyo hivyo kwenye runinga. Mpira hugonga shina na kurudi nyuma yake. Hapo hasira huchukua usukani, na shimo ambalo lingemalizwa kwa mikwaju sita humalizwa kwa tisa.

Mpira usiochezeka kabisa una nafuu yake kisheria, na wengi hawaitumii kwa kuona haya. Kwa adhabu ya mkwaju mmoja, mchezaji anaweza kurudi alikopigia awali; anaweza kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye shimo kupitia mahali mpira ulipo; au anaweza kuudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipo, mradi asiusogeze karibu na shimo. Tangu sheria zilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, mpira hudondoshwa kutoka kimo cha goti, si begani tena. Muda wa kutafuta uliopotea nao ulipunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu. Zikipita, umepotea, hata ukionekana dakika ya nne ukiwa umekaa vizuri.

Kwa hivyo anayeshuku kwamba mpira wake umetoka nje au utapotea na apige wa akiba papo hapo, baada ya kutangaza kwamba ni wa akiba. Kurudi kwa miguu mita mia mbili huku watu wanne wanaofuata wakitazama ni safari ndefu mno.

Mashindano mengi ya mwisho wa wiki hapa nchini, hasa yanayodhaminiwa na makampuni, hutumia mfumo wa pointi uliobuniwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na ambao ulitumika katika klabu ya Wallasey mwaka 1932. Daktari huyo aliwahurumia watu ambao siku yao iliharibiwa na shimo moja. Katika mfumo wake, shimo baya halipunguzi kitu. Hutoa sufuri tu.

Kwa mfano, mwenye handikapu 18 hupunguziwa mkwaju mmoja kwa kila shimo. Kwenye shimo la pa 4, yaani ambalo mchezaji stadi hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju minne, akipiga mitano hupata pointi mbili, akipiga sita hupata moja, akifikisha saba hana kitu. Basi akishapiga ya sita na mpira haujaingia, hana sababu ya kuendelea. Auokote, aubusu akipenda, aende shimo linalofuata. Ni ajabu jinsi watu wazima wanavyosimama dakika mbili wakipima mteremko wa grini kwa ajili ya mkwaju wa tisa usio na pointi.

Aliyefikisha pointi 36 amecheza sawasawa na handikapu yake. Ndiyo maana mwenye handikapu 24 anapowasilisha kadi ya pointi 45 katika shindano ambalo zawadi ni jokofu, watu hupiga makofi kwa mikono miwili na kukonyezana. Chini ya mfumo wa handikapu wa kimataifa ulioanza mwaka 2020, hesabu hufanywa kwa kuchukua wastani wa matokeo manane bora kati ya 20 ya karibuni. Siku mbaya kwa hivyo haimpandishi mtu kirahisi, wala hakuna faida ya kuficha kadi mbaya kwenye mfuko wa suruali. Anayeficha kadi nzuri ndiye huwa na sababu, na kamati za klabu humjua.

Karibu na shimo

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Mpira hauruhusiwi kuwa na kipenyo chini ya milimita 42.67. Kwa maneno mengine, mlango ni mpana zaidi ya mara mbili ya anayeingia, na bado watu hulia.

Wajue kwamba hata wachezaji wa kulipwa wa ligi kuu ya Marekani, kutoka umbali wa mita 2.4 hivi, hufaulu takriban nusu ya mara wanazojaribu. Mchezaji wa ridhaa anayetupa fimbo kwa kukosa umbali huo anajidai haki ambayo mabingwa hawana.

Kinachomwangamiza ni kuputi mara tatu, na hilo huanzia kwenye mkwaju wa kwanza wa mita kumi au kumi na tano. Hapo hushughulika sana na mpindo wa grini, ilhali kosa lake kubwa huwa la umbali: mpira hupungua kwa mita tatu au kupitiliza kwa mita tatu. Ni nadra mtu kukosea kulia au kushoto kwa kiasi hicho. Kabla ya mchezo, dakika kumi za kuputi masafa marefu pasipo shimo lolote, kwa nia ya kujua tu grini za siku hiyo zina kasi gani, zina faida kuliko kupiga kapu zima la mipira kwa draiva. Mvua ikiwa ilinyesha usiku, grini za jana si za leo.

Kwenye mteremko wa kando, wengi huona mpindo mdogo kuliko ulivyo. Mpira wao hukosea upande wa chini wa shimo, na ukishapita chini hauwezi kuingia tena. Uliopita upande wa juu una nafasi ya kujiteremkia mwenyewe.

Anayebeba mfuko

Yupo mtu ambaye haya yote anayajua, na aghalabu hasikilizwi. Huyo ni kedi. Amelitembea shimo la saba mara elfu moja. Anajua grini hiyo inateremka kuelekea mtoni hata kama macho yanasema vingine. Mchezaji humwuliza fimbo gani itafaa, huambiwa namba tano, huchukua namba saba, hupungukiwa, kisha humtazama kedi kwa jicho la lawama.

Seve Ballesteros, Mhispania aliyelitwaa taji la Kenya Open mwaka 1978, alikulia katika kazi hiyo hiyo kijijini Pedreña. Wapo pia Wakenya kadhaa walioingia gofu ya kulipwa kwa mlango huo. Ujuzi unaotembea kando ya mfuko, kwa hiyo, si wa kudharauliwa, na tayari umelipiwa.

Lakini kuna upande wa jambo hili usio na mzaha. Mpira wa gofu una uzito wa hadi gramu 45.93 na ni mgumu. Ukimpata mtu kichwani unaweza kumtoa jicho au uhai. Makedi ndio hutangulizwa mbele kutazama mpira utakapoangukia, na ndio husimama karibu na anayefanya majaribio ya kuzungusha fimbo. Mchezaji asipige hadi amewaona wote walipo. Mkwaju ukipotoka, apaze sauti mara moja kabla ya kuanza kuomboleza alama zake. Wapo wanaoona soni kupiga ukelele huo kwa kuwa unatangaza kosa lao kwa uwanja mzima.

Hatari nyingine ni radi. Katika nyanda za magharibi, hususan maeneo ya Kericho na Nandi yanayojulikana kwa mvua ya mawe, mawingu ya alasiri hukusanyika kwa haraka. Sheria za gofu humruhusu mchezaji kusimamisha mchezo wake mwenyewe pale anapoamini kwa msingi kwamba kuna hatari ya radi, bila kungoja honi ya kamati na bila adhabu, mradi aiarifu kamati mapema iwezekanavyo. Mti uliosimama peke yake si kimbilio, na mwavuli ufungwe.

Uamuzi huo ni wa mchezaji. Kedi, ambaye begani pake kuna mfuko wa vyuma kumi na vinne na ambaye chakula cha jioni kinategemea mashimo yaliyosalia, hawezi kwa urahisi kumwambia mwajiri wake wa siku kwamba warudi. Mara ngurumo ya kwanza inaposikika, mwenye mfuko ndiye anayepaswa kusema, na kumlipa kedi ujira wake wote hata kama wamecheza mashimo kumi na moja. Pointi tatu zilizokuwa zikinukia kwenye shimo la kumi na mbili zitakuwepo wiki ijayo.

Ikiwa mvua haikuja na raundi imekamilika, limebaki jambo dogo ambalo limewapokonya watu mataji. Kabla ya kuelekea shimo la 19, lile lenye viti na vinywaji, mchezaji aikague kadi yake shimo kwa shimo pamoja na aliyemwandikia, kisha atie sahihi. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, akitia sahihi kadi inayoonyesha mikwaju michache kuliko aliyopiga kwenye shimo lolote, huondolewa mashindanoni. Ikionyesha mingi kuliko aliyopiga, hakuna adhabu: hubaki ilivyoandikwa, naye aliyekuwa wa pili hubeba jokofu nyumbani.